Amplifaya ya 2.4 GHz inayochemka: mwongozo kamili wa kudhibiti haromoniki

Bodi imechorwa vizuri, solda inang'aa, transista ni halali. Unaiwasha na inatoa wati 10 kama ulivyotaka, lakini inavuta ampea 0.72 kwenye volti 28. Zinaingia wati 20, zinatoka 10, na zilizobaki zinapasha bamba joto mpaka huwezi kuweka kidole. Mwenye bodi analalamika: "Mbona kijitawi cha haromoniki ya pili nimeweka, na cha tatu nimeweka?"

Kweli ameviweka. (Haromoniki ni mawimbi ya ziada yenye masafa mara mbili, mara tatu ya wimbi la msingi; kijitawi ni kipande cha shaba kinachochepuka kwenye laini ili kuyadhibiti.) Kosa lake ni mahali alipoviweka.

Karibu kila bodi ya namna hii niliyoikagua imeanguka palepale. Fundi anapanga shoti (karibu omu sifuri) ya haromoniki ya pili na uwazi (njia isiyopitisha mkondo) wa haromoniki ya tatu kwenye mguu wa transista, pale anapoweza kupagusa na kupachoma solda. Transista yenyewe haifanyi kazi pale mguuni. Inafanya kazi ndani, nyuma ya nyaya nyembamba za dhahabu na kapasitansi yake yenyewe. Kwenye 7.2 GHz, ambayo ndiyo haromoniki ya tatu ya 2.4 GHz, kutoka mguuni hadi ndani ni safari ndefu, na wazi uliyoiweka nje huenda ikafika ndani ikiwa karibu shoti.

Mwongozo huu unaanzia ndani kwenda nje. Ukifuata mpangilio huo, mengine ni kukata shaba na kupima.

## Tunachotengeneza

Amplifaya ya wati 10 kwenye 2.4 GHz kwa transista ya GaN (galiamu naitraidi), CGH40010F. Nimechagua masafa haya kwa sababu ndiyo njia ya kupandia ya QO-100, mtambo wa redio za ridhaa ulio ndani ya setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na kuegeshwa karibu na digrii 26 mashariki. Ukiwa Dar es Salaam inakaa zaidi ya digrii 70 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo dishi linalala kama karai la kufulia. Wengi wetu tunafunga amplifaya nyuma ya dishi, juani, tukitumia betri na sola. Kila wati inayogeuka joto pale juu unailipia mara mbili: kwenye betri, na kwenye uhai wa transista.

Leseni ya redio ya ridhaa ni lazima kabla ya kurusha hewani: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kwenye meza, ukiwa na mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena, jaribu utakavyo.

## Kwa nini haromoniki, kwa aya tatu

Transista hupoteza nguvu pale volteji na mkondo vinapokuwepo kwenye dreni, mguu wake wa kutokea, kwa wakati mmoja. Ungependa mkondo upite wakati volteji iko chini kabisa, na volteji ipande wakati mkondo umekatika.

Daraja B, ambapo mkondo unapita nusu ya wimbi tu na haromoniki zote zimepigwa shoti, lina kikomo cha asilimia 78.5. Ukiipa haromoniki ya tatu uwazi, volteji inapata kipande cha ziada kinachobonyeza kilele na kupanua bonde. Kipande hicho kikiwa sehemu moja ya sita ya wimbi la msingi, wimbi la msingi linaweza kuwa kubwa kwa asilimia 15 bila volteji kuvuka mipaka ileile, na kikomo kinapanda hadi asilimia 90.7. Hilo ndilo daraja F: ya pili shoti, ya tatu wazi.

Usiichukue 90.7 ukaiandika ukutani. Volteji ya goti, ile ambayo transista haiwezi kushuka chini yake, karibu volti 4 kati ya 28, inaishusha hadi 78. Hasara ya bodi ya desibeli 0.3 inaishusha tena hadi 72 na ushei. Kwa hiyo lengo letu ni ufanisi wa dreni wa asilimia 65 hadi 72. Ukipima 85 kwenye bodi hii, shuku kipimo chako kabla hujamwita jirani aje kuona.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Amplifaya iliyosimama nusu njia ikisubiri kapasita ndiyo hujaribiwa na kapasita isiyofaa.

- Transista ya CGH40010F, na karatasi yake ya data. Faili ya modeli ukiweza kuipata ni bora zaidi.
- Bodi ya RO4350B yenye unene wa milimita 0.508, shaba pande mbili. FR4, ile bodi ya kawaida, hapana: upotevu wake ni zaidi ya mara nne, na kwenye 7.2 GHz hata unene wa gundi yake huwezi kuuamini.
- Kapasita za maikrowevu zenye ubora wa juu, kati ya 4.7 na 10 pF, angalau 10. Za kawaida za simu chakavu zitakuyeyukia.
- Kapasita za nF 1, nF 100 na mikrofaradi 47 kwa njia ya umeme wa dreni.
- Bamba la shaba au alumini lililosawazishwa, skrubu na mafuta ya kupitisha joto.
- Chanzo cha volti 28 chenye kikomo cha mkondo unachoweza kukiweka mwenyewe, na chanzo cha volti hasi cha 0 hadi −5.
- Mzigo bandia wa omu 50 au kipunguzi cha desibeli 30 kinachobeba wati 20, kilichothibitishwa angalau hadi 7.2 GHz.
- VNA, kifaa kinachopima jinsi mawimbi yanavyorudi kutoka kwenye bodi. LiteVNA inafika 6.3 GHz, kwa hiyo itaona wimbi la msingi na haromoniki ya pili. NanoVNA ya kwanza haifai hapa.
- Kipima nguvu, na analaiza ya spektra hata ya kuazima.
- Utepe wa shaba, kisu kikali, kioo cha kukuzia.

## Hatua ya 1: Tafuta mzigo wa ndani

Anza kwa kujiuliza: ile pampu ya mkondo iliyo ndani ya transista inataka kuona omu ngapi?

Volteji inayotumika ni 28 toa 4 za goti, yaani 24. Kwa daraja B nguvu ni volteji mara kilele cha mkondo, gawanya kwa 4. Ukitaka wati 10, kilele cha mkondo ni ampea 1.67. Mzigo ni mara mbili ya 24 gawanya kwa 1.67, karibu omu 29.

Sasa zidisha kwa 1.15, kile kipanuzi cha haromoniki ya tatu. Unapata omu 33. Watu wengi husahau kuzidisha, halafu wanashangaa haromoniki wameipanga lakini ufanisi haukupanda. Kama hukuongeza mzigo, ile nafasi uliyoifungua kwenye volteji hakuna anayeitumia.

Ukifaulu: una namba tatu za ndani. Msingi: omu 33 tupu. Ya pili: sifuri. Ya tatu: wazi.

## Hatua ya 2: Toka ndani, uje mguuni

Hapa ndipo bodi nyingi hufia, kwa hiyo twende polepole.

Kati ya pampu ya mkondo na mguu kuna vitu viwili vikubwa: kapasitansi ya dreni kwenda ardhini, karibu 1.3 pF, na induktansi ya nyaya na mguu, karibu 0.6 nH. Kuna kapasitansi kidogo ya kasha pia. Kwa hesabu ya mkono iache, modeli itaijumuisha.

Haromoniki ya tatu, 7.2 GHz. Ile 1.3 pF sasa ni omu −j17 (j ni alama ya upinzani usiokula nguvu: hasi ni wa kapasita, chanya ni wa induktansi). Hebu fikiria: umeweka uwazi kamili mguuni, na ndani pampu inaona −j17 tu. Huo si uwazi. Ili ndani kuwe wazi, tawi la nje lazima liwe +j17 lifutane na kapasita hiyo. Induktansi peke yake inatoa +j27, imepitiliza. Basi mguuni unahitaji −j10.

Soma tena sentensi hiyo. Ili ndani kuwe wazi, mguuni panatakiwa kitu kilicho karibu na shoti kuliko uwazi. Ndiyo maana anayepanga "wazi" mguuni anapata joto.

Haromoniki ya pili, 4.8 GHz. Shoti ndani haiijali kapasita, kwa sababu shoti inaifunika. Unachohitaji ni kufuta induktansi, ambayo hapa ni +j18. Basi mguuni weka −j18.

Msingi, 2.4 GHz. Ndani tunataka omu 33: ondoa kwanza kapasita ya −j51 iliyo sambamba nazo, kisha toa induktansi ya j9. Ukipiga hesabu mguuni unapata 23 + j6.

Ukifaulu: umeandika kwenye karatasi namba hizi tatu za mguuni: 23 + j6, −j18, −j10. Zibandike juu ya meza. Kuanzia hapa kila kitu kinapimwa dhidi yake.

Onyo: namba hizi ni za transista hii kwenye masafa haya. Ukibadilisha hata kasha tu la transista, rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 3: Chora upande wa dreni

Mpangilio ni huu: ya tatu kwanza, ya pili baadaye, msingi mwisho. Sababu ni kwamba kijitawi kinachopiga shoti haromoniki ya tatu kinaficha kila kilicho nyuma yake kwenye 7.2 GHz. Ukishaipanga ya tatu huwezi tena kuiharibu kwa kurekebisha mengine. Ukianza na msingi, kila kijitawi utakachoongeza kitaubomoa.

Kwenye bodi yetu, laini ya omu 50 ina upana wa milimita 1.1, na wimbi zima la 2.4 GHz ni karibu milimita 74. Digrii moja ni milimita 0.205. Digrii zote hapa chini ni za 2.4 GHz.

Laini ya kwanza: kutoka mguuni, omu 50, digrii 56.2, yaani milimita 11.5. Kwenye 7.2 GHz laini hii ni digrii 169, na shoti iliyo mwisho wake inaonekana mguuni kama −j10.

Kijitawi cha tatu: mwisho wa laini hiyo, kijitawi kilicho wazi cha digrii 30, milimita 6.2. Kwenye 7.2 GHz ni robo wimbi, kwa hiyo kinapiga shoti. Kichore kirefu kidogo, milimita 6.5. Kukata ni rahisi, kuongeza ni adhabu.

Laini ya pili: digrii 10.4, milimita 2.1 tu. Urefu huu mfupi unashangaza, lakini umezingatia kwamba kile kijitawi cha tatu kwenye 4.8 GHz hakijalala, kinaongeza kapasitansi kubwa. Anayehesabu vijitawi hivi kimoja kimoja, kana kwamba kingine hakipo, anakosea hapa kwa milimita kadhaa.

Kijitawi cha pili: robo wimbi, digrii 90, milimita 18.5, mwisho wake umepigwa shoti kwa kapasita. Hiki ndicho kinachopitisha pia volti 28. Kwenye msingi hakionekani, kwenye 4.8 GHz ni shoti. Kiweke upande wa pili wa laini, mbali na kijitawi cha tatu, maana vikitazamana upande mmoja vitanong'onezana.

Msingi: kwa vipimo hivi, baada ya kijitawi cha pili kinachohitajika ni 69 + j5, ambayo iko karibu sana na omu 50. Laini ya robo wimbi ya omu 59, upana kama milimita 0.8, inamaliza kazi. Kisha kapasita ya kuzuia umeme wa moja kwa moja, na kiunganishi. Si kila masafa yatakupa urahisi huu.

Onyo kuhusu kapasita ya mwisho wa kijitawi: kapasita ya 10 pF haiwi shoti kwa kuwa tu umeichora shoti. Kwenye 4.8 GHz nyingi zimeshageuka induktansi ya omu kadhaa, na omu hizo zinahesabika kama urefu wa ziada. Weka mbili ndogo sambamba, kila moja pembeni mwake, zenye matundu ya ardhi yaliyopakwa shaba yaliyo karibu kabisa. Acha pedi ndefu ya milimita 3 ili uweze kuzisogeza kuelekea kwenye laini. Utaishukuru pedi hiyo kwenye hatua ya 8.

Ukifaulu: programu ya kuiga inaonyesha mguuni zile namba tatu, ukiwa umetumia faili za kapasita halisi na si kapasita za kufikirika.

## Hatua ya 4: Upande wa geti

Geti ni mguu wa kuingizia wa transista. Huku nitapita haraka, maana upotevu mkubwa hauko huku.

Tumia impidansi ya chanzo iliyo kwenye karatasi ya data kwa masafa ya karibu. Njia ya umeme wa geti iwe robo wimbi yenye kapasita mwishoni, kama ya dreni, ili haromoniki ya pili ipigwe shoti kwenye geti pia. Kapasitansi ya geti hupinda wimbi, na wimbi lililopindwa vibaya linaongeza muda ambao mkondo unapita.

La muhimu zaidi ni utulivu. GaN ina ukuzaji mkubwa mno kwenye masafa ya chini. Weka rezista ya omu 10 hivi sambamba na kapasita ya pF chache, vyote mfululizo na geti, na rezista nyingine kwenye njia ya umeme wa geti. Angalia kwenye programu kwamba kigezo cha utulivu kinazidi 1 kuanzia 10 MHz hadi 6 GHz. Amplifaya inayopiga mbinja yenyewe kwenye 300 MHz itakuonyesha ufanisi wa ajabu, kisha itakufa.

## Hatua ya 5: Pima bodi bila transista

Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanatumia wiki nzima kutafuta kosa ambalo lingeonekana kwa dakika kumi.

Chukua waya mwembamba mgumu wa koaksia, uuchomee pale mguu wa dreni utakapokaa, ardhi yake ikiwa fupi kabisa. Rekebisha VNA hadi ncha ya waya huo. Funga omu 50 kwenye kutokea. Mwisho wa kijitawi cha pili uwe na kapasita zake zote.

Tafuta haya kwenye akisi, yaani wimbi linalorudi:

Kwenye 2.4 GHz, ukubwa 0.37 na pembe karibu digrii 163.

Kwenye 4.8 GHz, ukubwa usiopungua 0.95 na pembe karibu −140.

Kwenye 7.2 GHz, kama una kifaa kinachofika, pembe karibu −157. Kama huna, amini kisu chako: pima kijitawi cha tatu kwa kioo cha kukuzia na uendelee.

Pembe ya haromoniki ya pili ikipotea kwa zaidi ya digrii 10, isahihishe sasa. Ya tatu naivumilia hadi 15. Watu huipenda ya tatu kwa sababu ndiyo yenye jina kubwa vitabuni, lakini kwenye meza ya pili ndiyo yenye kisirani. Ikikaa vibaya inavuta ufanisi chini kwa asilimia nyingi kuliko ile ya tatu inavyouongeza.

Ukifaulu: pembe mbili au tatu zimekaa ndani ya mipaka, na ukubwa kwenye 4.8 GHz uko juu ya 0.95. Ukubwa mdogo kuliko huo una maana nguvu inavuja, mara nyingi kwenye kapasita mbaya au tundu la ardhi lililo mbali.

## Hatua ya 6: Funga transista, washa bila redio

Paka mafuta ya joto kidogo, kama unavyopaka siagi kwa mtu mchoyo. Kaza skrubu kwanza, ndipo uchome miguu. Ukichoma kwanza, mguu utavutwa na kasha linaweza kupasuka.

Mpangilio wa kuwasha haubadilishwi na haraka:

Geti kwanza, −5. Kisha dreni, anza na volti 10, kikomo cha mkondo kikiwa ampea 0.2. Mkondo uwe sifuri. Pandisha geti polepole. Mahali fulani karibu na −3 mkondo unaanza. Ukiona unaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, rudisha geti −5, una mtetemo.

Ukiwa shwari, rudisha geti −5, pandisha dreni hadi 28, kisha leta geti mpaka mkondo wa kupumzika uwe miliampea 60. Kwa kuzima, rudi kinyume: redio, dreni, geti mwisho. Geti likikosa volti hasi huku dreni ina 28, hutapata nafasi ya pili ya kujifunza.

Ukifaulu: miliampea 60 zinazokaa zilipo kwa dakika tano, na analaiza haionyeshi kitu chochote kwenye kutokea.

## Hatua ya 7: Ingiza redio, piga hesabu

Pandisha kikomo cha mkondo hadi ampea 0.9. Ingiza 10 dBm (miliwati 10), kisha panda desibeli moja moja. Kila hatua andika nguvu inayoingia, inayotoka, na mkondo. Andika kwenye karatasi, kichwa husahau.

Hesabu ya mfano: inatoka wati 10, mkondo ni ampea 0.52 kwenye volti 28. Zinazoingia ni wati 14.6, kwa hiyo ufanisi wa dreni ni asilimia 69. Uliingiza redio ya wati 0.5, basi ufanisi halisi ukitoa hiyo ni asilimia 65. Ukimwambia mtu ufanisi wako, sema ni upi kati ya hiyo miwili.

Joto lililobaki ni wati 5 hivi. Karatasi ya data inatoa nyuzi 8 kwa kila wati kati ya kasha na ndani, kwa hiyo ndani ni moto kuliko kasha kwa nyuzi 41. Ile bodi ya mwanzo ilikuwa na wati karibu 11, yaani nyuzi 85 na zaidi. Juani, nyuma ya dishi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utairudia kazi hii mwakani.

Onyo la kipimo: kipima nguvu cha joto hujumlisha kila kitu, haromoniki zikiwemo. Angalia kwa analaiza. Haromoniki ikiwa chini ya msingi kwa desibeli 20, imekuongezea asilimia moja tu. Ikiwa chini kwa 10, umejidanganya kwa asilimia kumi.

Ukifaulu: ufanisi unapanda kadiri unavyoongeza nguvu, unafikia kilele ukuzaji ukiwa umepungua kwa desibeli 2 hadi 3, na kilele hicho kiko juu ya asilimia 60 hata kabla ya kurekebisha.

## Hatua ya 8: Rekebisha kwa shaba

Zima dreni kila unapogusa. Redio ya wati 10 kwenye 2.4 GHz inachoma kidole kwa ndani, na kidonda chake hakiponi upesi.

Gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na tazama mkondo huku ukirudisha nguvu inayotoka palepale. Mkondo ukishuka huku nguvu imebaki, umepiga hatua.

Anza na haromoniki ya pili: sogeza zile kapasita kwenye pedi ndefu, nusu milimita kwa mara. Hapa utaona mabadiliko makubwa kuliko popote.

Kisha ya tatu: kata kijitawi chake milimita 0.1 hadi 0.2. Bodi hufupisha wimbi zaidi kidogo kwenye 7.2 GHz kuliko inavyofanya kwenye 2.4, kwa hiyo urefu sahihi huwa mfupi kidogo kuliko wa hesabu.

Mwisho msingi: bandika vipande vidogo vya utepe wa shaba kwenye laini ya omu 59. Ukipata nguvu nyingi lakini ufanisi mdogo, mzigo ni mdogo mno, uongeze. Ukipata ufanisi mzuri lakini nguvu inakwama wati 7, mzigo umezidi.

## Ukikwama

*Ufanisi umeganda kwenye 55 hadi 60 na hakuna kinachousogeza.* Ndani unaona daraja B la kawaida. Ya tatu haifiki. Mara nyingi laini ya kwanza ni fupi au ndefu kwa milimita moja, kwa sababu fundi alianza kupima kutoka ukingo wa kasha huku solda imeshika mguu nje zaidi. Pima kutoka pale solda inapoanza.

*Ufanisi uko chini ya 50.* Haromoniki ya pili. Rudi hatua ya 5 ukiwa na kapasita mpya.

*Asubuhi 68, mchana 60.* Skrubu au mafuta ya joto. Bamba likiwa baridi huku transista inaunguza, joto halipiti.

*Vizuri mezani, vibaya kwenye antena.* Mezani ulikuwa na omu 50 kwenye haromoniki pia. Ingawa kijitawi cha tatu na cha pili vinaficha mengi, antena inayorudisha msingi inabadilisha 23 + j6 yako moja kwa moja. Pima antena kwanza, au weka kitenganishi (isolator), kifaa kinachopitisha mawimbi upande mmoja tu, kati yao.

Na moja la mwisho kwa wanaoongea kwa sauti kwenye QO-100. Ufanisi huu wote unapatikana amplifaya ikiwa imekazwa. Kwa Morse, furahia. Kwa sauti, pandisha mkondo wa kupumzika hadi miliampea 150 au 200 na urudi nyuma desibeli 3, hata kama ufanisi utashuka. Setilaiti ni ya wote, na ishara yake ya mwongozo (beacon) ndiyo kipimo: usisikike kwa nguvu kuizidi. Ukiizidi, kuna mtambo unaoitwa LEILA, nao utapiga king'ora juu ya sauti yako mpaka upunguze.